Kugeuza meli ya abiria iwe meli ya kushushia askari: anza ufukweni, rudi nyuma mpaka gatini

Mwongozo huu ni wa karatasi, penseli na kikokotoo. Simtumi mtu Kilindini akaanze kukata bati za meli ya watu. Ni zoezi ninalowapa vijana wanaosomea unahodha: shika mchoro wa meli ya abiria ya zamani, igeuze iwe meli ya kupeleka askari vitani na kuwashusha mahali pasipo na gati, kisha niambie kama itafika ikiwa wima. Nilikuwa chifu ofisa kwenye meli za mizigo kabla ya kuingia darasani, na sijaona zoezi linalombana mtu kama hili. Wengi wanaokwama hukwama kwa sababu wameanza na mizinga. Mzinga omoni (mbele), mzinga tezini (nyuma), rangi ya kijivu kote. Halafu unawauliza: huyu askari anatokaje humu ndani usiku, taa zimezimwa, meli inayumba? Kimya.

Kwa hiyo darasani kwangu tunaanza ufukweni na kurudi kinyumenyume. Nani anakanyaga mchanga kwanza? Yuko boti gani? Boti hiyo inaning'inia wapi? Aliifikia kwa ngazi ipi? Alilala wapi? Risasi zake ziko chini ya nini? Ukiyajibu maswali kwa mpangilio huo, nusu ya mchoro umeshaumaliza.

Kuchagua meli

Mfano wangu ni wa nyumbani. Kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili pacha, Kenya na Karanja, zilizojengwa Glasgow na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye njia ya Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kuendelea hadi Durban. Vita vya Pili vya Dunia vilipowaka, serikali ya Uingereza ilizichukua zote mbili zikageuzwa. Karanja ilibaki na jina lake. Kenya ilibidi ibadilishwe jina, maana jeshi la majini lilishakuwa na manowari iliyoitwa hivyo. Mwishowe ikaitwa Keren, kwa mji wa Eritrea uliopiganiwa mwaka 1941.

Kwa nini zilifaa? Mwanafunzi hutaja kasi kwanza, na ni kweli: zilikwenda kiasi cha maili 18 za baharini kwa saa, zikaweza kufuatana na manowari bila kuzichelewesha. Lakini mimi ningezichagua kwa sababu mbili nyingine ambazo hazimo kwenye jedwali la kasi.

Ya kwanza ni abiria wa deki. Njia ya Bombay haikuishi kwa wakubwa wa daraja la kwanza. Iliishi kwa mamia ya watu waliolala kwenye deki za katikati na mikeka yao na masanduku yao ya bati. Maana yake ni kwamba meli hizi zilijengwa tayari na hewa, vyoo, maji na ngazi za kutosha kwa umati ulioko chini ya deki. Meli ya kubeba mizigo tu haina hayo, na kuyaongeza baadaye kunakula muda kuliko kufunga mizinga.

Ya pili ni matishari, yale mashua bapa ya kubebea shehena kati ya meli na nchi kavu. Dar es Salaam haikuwa na gati za maji marefu mpaka miaka ya 1950. Meli ilitia nanga, matishari yakaja ubavuni, na shehena ikashushwa kwa deriki (mikono ya kunyanyulia mizigo) na winchi za meli yenyewe. Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, aliyekulia kazi hiyo anajua kushusha mzigo kwenye chombo kinachopanda na kushuka na mawimbi bila kukipasua. Meli iliyozoea gati la London, yenye kreni za nchi kavu, mabaharia wake watalazimika kujifunza jambo hilo upya, tena vitani.

Usichague meli kubwa kupita kiasi. Queen Mary ilibeba zaidi ya watu 16,000 katika safari moja mwaka 1943, na ni ajabu ya dunia, lakini hiyo ni kusafirisha askari kutoka bandari hadi bandari. Huwezi kuileta karibu na ufukwe wenye adui na kuisimamisha hapo nusu siku. Wala usichukue meli ya polepole. Zile meli za mizigo za Liberty zilijengwa kwa wingi mno, lakini kwa maili 11 kwa saa nyambizi inazifuata bila haraka. Wamarekani walipotaka meli za kushambulia kwa jumla, walichukua umbo la meli za mizigo za Victory, lililo na kasi zaidi, wakatengeneza kwalo aina ya Haskell, meli 117 kati ya 1944 na 1945. Waingereza walipenda meli za kampuni ya Glen, meli za mizigo zenye kasi: Glengyle, Glenearn na Glenroy.

Kuna jibu jingine la swali hili ambalo kila darasa huwa na mtu mmoja anayelipenda: mwalimu, kwa nini tusiipandishe meli yenyewe mchangani? Lilijaribiwa. Tarehe 25 Aprili 1915, huko Gallipoli, Uturuki, meli ya makaa ya mawe iitwayo River Clyde ilipandishwa ufukweni pa Sedd el Bahr ikiwa na askari wapatao 2,000 ndani. Wazo lilikuwa la Edward Unwin wa jeshi la majini. Walikata milango ubavuni, wakaweka madaraja ya mbao nje, na bunduki za rashasha omoni nyuma ya mifuko ya mchanga. Meli ilikwama mbali kuliko ilivyopangwa, ikabidi Unwin mwenyewe aingie majini kuvuta matishari yawe daraja. Watu walitoka kwenye mlango mmoja baada ya mwingine, adui akiwa ameshajua wanatokea wapi. Waliokufa hapo walikuwa wengi mno. Unwin alipata nishani ya Victoria Cross, na meli ilikarabatiwa ikarudi biasharani, ikabeba shehena kwa miongo kadhaa. Kwa zoezi letu, kumbuka kwamba milango michache ndiyo iliyowaua. Tunataka watu watoke kwa wakati mmoja, sehemu nyingi, mbali na bunduki.

Boti, na mikono inayozishika

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka.

Boti ya Waingereza ya kushushia askari iliitwa LCA (Landing Craft Assault). Urefu wake ni mita 12 na nusu hivi, upana mita 3, inabeba askari 35 au zaidi kidogo, na wanaoiendesha ni wanne. Ni ya mbao, ina mabamba ya chuma ya kuzuia risasi za bunduki, injini mbili za petroli za Ford, na mlango wa mbele unaolala mchangani. Tupu ina uzito wa tani 9 hivi, na ikijaa tani 13 na nusu. Uzito huo ulipangwa makusudi. Walioibuni walitaka iweze kuning'inia kwenye deviti, yaani mikono ya chuma ambayo meli ya abiria hutundikia boti za kuokoa maisha. Boti ilifuata meli. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu deviti zilizopo, umbali kati yake, na nguvu zake. Nyingi utalazimika kuzing'oa na kuweka zenye nguvu zaidi, kwa sababu boti ya kuokoa maisha hushushwa mara moja na Mungu akipenda isishushwe kamwe, lakini hizi zitapanda na kushuka kutwa, zikirudi kuchukua kundi la pili na la tatu. Winchi ya umeme ya kupandishia ni lazima. Kupandisha kwa mikono, sahau.

Mikono ikishawekwa, tazama bati la deki chini yake. Deki ya boti ya meli ya abiria ni nyepesi, imetengenezwa kwa matembezi ya jioni. Tia nguzo chini, ziteremke hadi kwenye deki yenye nguvu, na weka bati nene pale mguu wa deviti unapokaa. Mwanafunzi akinichorea deviti mpya juu ya deki ya zamani bila nguzo, namrudishia karatasi bila kusoma zaidi.

Boti nzito za kubebea gari au kifaru haziningʼinizwi ubavuni. Zinakaa juu ya hachi, yaani mfuniko wa tundu la kuingizia shehena, zinashushwa kwa deriki nzito. Maana yake hachi hiyo haifunguki mpaka boti iondoke, kwa hiyo usiweke chini yake kitu kinachotakiwa mapema. Wengi husahau hili.

Sasa askari anaingiaje? Kuna shule mbili. Waingereza walishusha boti mpaka usawa wa deki ya abiria, ikafungwa ubavuni, askari akaingia kwa hatua moja kama anayeingia kwenye lifti, kisha boti ikateremshwa majini ikiwa imejaa. Wamarekani, ambao boti zao za Higgins kutoka New Orleans zilikuwa za plaiwudi na zilibeba watu 36, mara nyingi walishusha boti kwanza ikiwa tupu, kisha askari wakateremka kwa nyavu za kamba zilizotandazwa ubavuni.

Mimi ni mtu wa njia ya Waingereza, bila kuficha. Mtu mwenye mzigo wa kilo 30 mgongoni na bunduki, gizani, kwenye wavu unaogonga ubavu wa meli, na chini yake boti inayopanda mita mbili na kushuka mita mbili: sitaki kuona. Lakini njia ya Waingereza inadai deviti zibebe boti iliyojaa, na deviti hizo ni nzito. Ukichagua nyavu, basi zifanye ipasavyo. Askari ashike kamba za wima, miguu iwe kwenye za mlalo, ili wa juu asimkanyage vidole wa chini. Kamba ya kofia ya chuma ifunguliwe kidevuni. Watu wawili au wanne ndani ya boti wavute mwisho wa wavu uingie botini, usining'inie kati ya boti na meli, maana kwenye nafasi ile ndiko mifupa huvunjikia. Hata mwaka 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina Visiwani Falkland, askari wa miamvuli waliokuwa kwenye feri ya abiria iitwayo Norland waliingia kwenye boti za kutua usiku kupitia mlango wa ubavuni, na mmoja wao alianguka akavunjika nyonga kabla hata hajauona ufukwe.

Njia za ndani

Chora mstari kutoka kitandani hadi botini kwa kila kundi la watu 35. Mistari hiyo isikatane. Ikikatana mahali popote, hasa kwenye ngazi, una msongamano, na msongamano gizani ni hatari kuliko adui. Ngazi za kulia ziwe za kupanda tu, za kushoto za kushuka tu, au kinyume chake, lakini amua. Meli ya abiria ina ngazi nzuri pana kwa daraja la kwanza na ngazi nyembamba kwa wengine. Vita haina daraja la kwanza: toboa, panua, ng'oa kuta za mbao za saluni. Kuta hizo ungeziondoa hata hivyo, kwa ajili ya moto.

Kila boti iwe na namba, na namba hiyo iandikwe kwenye ukuta wa mahali wanapolala watu wake, kwenye kona za njia, na kwenye kituo chao deki. Iandikwe mahali ambapo mkono unagusa, kwa herufi zilizoinuka ikiwezekana, kwa sababu macho hayatafanya kazi. Mlango wa kutokea deki uwe na pazia mbili nzito, moja baada ya nyingine, mwanga usivuje. Kisha jaribu gizani. Usijaribu mchana ukajidanganya.

Kulala si jambo la kulizungumza sana. Waingereza walitumia hamoki juu ya meza za kulia chakula, Wamarekani vitanda vya mabomba na turubai vilivyorundikwa kwa safu. Hamoki zinakunjwa na kuacha nafasi. Vitanda vinaingiza watu wengi zaidi. Chakula ni foleni, hakuna namna. Maji ndiyo yatakayokutesa: meli iliyobuniwa kwa idadi fulani ya watu sasa ina maradufu, na haitaingia bandarini kujaza. Weka mtambo wa kuchuja chumvi au punguza watu. Vyoo hesabu mara mbili, kisha ongeza.

Uzito: hapa ndipo ninaposahihisha

"Mwalimu," aliniuliza binti mmoja, "kwa nini tusishushe boti zote za upande wa kulia kwanza, ule usiotazama adui, ndipo tushushe za kushoto?" Swali zuri. Nikamwambia achukue kikokotoo.

Tuseme kwa zoezi meli ina tani 13,000 ikielea, na GM yake ni mita 0.60. GM, kwa aliyesahau, ni umbali kati ya kitovu cha uzito na ile nukta ambayo meli huning'inia kwayo inapoinama kidogo. Ikipungua meli inakuwa mlevi, ikiisha inapinduka. Tundika boti 12 zilizojaa, kila moja tani 13.5. Jumla tani 162, na ziko mita 10 juu ya kitovu cha uzito cha zamani. Zidisha 162 kwa 10, gawanya kwa tani 13,162: kitovu kimepanda kama sentimita 12. GM imebaki mita 0.48. Umepoteza sehemu moja ya tano ya uthabiti kwa boti peke yake, na bado hujaweka mizinga ya kutungulia ndege, ambayo nayo inataka kukaa juu, wala watu elfu moja waliotoka chini ya deki na kupanga foleni kwenye deki ya boti.

Sasa mfuate binti. Shusha boti 6 za kulia. Zilizobaki kushoto ni tani 81, mita 10 kutoka mstari wa katikati. Ukifanya hesabu yake, na kukumbuka kwamba GM imerudi juu kidogo kwa kuwa nusu ya mzigo wa juu umeondoka, meli italala kushoto kati ya digrii 6 na 7. Si mwisho wa dunia. Lakini boti za kushoto sasa zinaning'inia mbali na ubavu, zinayumba kama bembea, na zile za kulia zilizo majini zinatazama ubavu wa meli ulioinuka ambao zinapaswa kurudi kufungamana nao. Jibu: shusha jozi, ya kulia na ya kushoto pamoja, au karibu pamoja. Aliandika hivyo, akapata alama zake.

Dawa ya GM iliyopungua ni farumi. Chuma chakavu, mawe au zege chini kabisa ya ngama, limefungwa lisitembee. Maji kwenye matangi ya chini nayo ni farumi, mradi tangi lijae mpaka juu. Tangi nusu linafanya maji yakimbie upande meli inakoinamia na kuzidisha ubaya. Farumi inaishusha meli zaidi majini, na kila sentimita unayoizamisha ni umbali zaidi kutoka ufukweni. Usiweke zaidi ya inavyohitajika ili tu ujisikie salama. Meli yenye GM kubwa kupita kiasi hurudi wima kwa ghafla, inamtapisha askari, na boti zinagonga.

Kupakia

Meli ya biashara inapakiwa ili ijae. Mzigo mzito chini, mwepesi juu, kila pembe imezibwa. Meli ya kushambulia inapakiwa ili itoke. Abiria wa matatu anayeshuka kituo cha kwanza haendi kukaa kiti cha nyuma kabisa, na hiyo ndiyo elimu yote ya upakiaji wa vita. Shida ni kuwafanya watu wakubali nafasi itakayopotea. Utaacha mapengo. Utaweka kitu chepesi chini kwa sababu kinatakiwa siku ya pili, na kizito juu kwa sababu kinatakiwa saa ya kwanza, halafu urudi kwenye hesabu ya GM ukiwa umekunja uso.

Kisa ninachokitumia ni cha Wellington, New Zealand, Julai 1942. Kikosi cha kwanza cha wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, chini ya Jenerali Vandegrift, kilifika kikiamini hakitapigana kabla ya mwaka 1943. Meli zilipakiwa kibiashara. Ghafla ikaja amri ya kwenda Guadalcanal. Ikabidi kila kitu kishushwe kwenye gati la Aotea na kupakiwa upya kwa mpangilio wa vita, usiku na mchana, askari wenyewe wakiwa makuli, katika mvua ya baridi isiyokatika. Chakula kilikuwa kwenye maboksi ya karatasi. Maboksi yaliloa, yakapasuka, na gati likawa uji wa nafaka na sigara. Magari mengi makubwa na mizinga mizito viliachwa. Akiba ilipunguzwa kutoka siku 90 hadi 60. Walitua tarehe 7 Agosti, na siku mbili baadaye meli zikaondoka na shehena nyingi bado iko tumboni, kwa sababu manowari za ulinzi zilikuwa zimepigwa usiku kando ya kisiwa cha Savo, na pia kwa sababu pale ufukweni hapakuwa na mikono ya kutosha ya kuondoa mzigo mchangani.

Kutokana na kisa hicho ninadai mambo haya kwenye karatasi ya mwanafunzi: vifungashio visiwe vya karatasi, kila hachi iwe na vitu vya aina zote muhimu, ili hachi moja ikiungua usipoteze maji yote au risasi zote, kila kikosi kisafiri na vitu vyake kwenye meli yake, na awepo ofisa mmoja wa jeshi anayeishi melini, kazi yake ni kujua kila sanduku liko wapi. Wamarekani walimweka mtu wa namna hiyo kwenye kila meli. Tena orodhesha makuli wa ufukweni kama unavyoorodhesha wapiganaji. Bila wao mchanga unageuka ghala lisilo na mlango.

Usiweke mayai yote kwenye meli moja pia. Canberra, meli ya anasa iliyochukuliwa Southampton mwaka 1982 na kujengewa uwanja wa helikopta juu ya bwawa la kuogelea, ilikwenda Falkland na vikosi vitatu ndani. Siku mbili kabla ya kutua, viwili kati ya hivyo vilihamishiwa kwenye meli nyingine baharini. Kwenye mchoro wako weka nafasi ya kufanya uhamisho kama huo.

Mizinga, redio, waya za kupunguza sumaku ya bati ili bomu la majini lisiamke: vyote weka, sehemu za mwisho zilizobaki. Petroli ya boti iwe deki, kwenye fremu zinazoweza kuachiwa itumbukie baharini ukivuta pini. Chini ya deki, kamwe.

Siku yenyewe

Madagascar, tarehe 5 Mei 1942. Keren, Karanja, Winchester Castle na nyinginezo ziliingia usiku kupitia njia nyembamba kati ya miamba upande wa magharibi wa Diego Suarez, mahali ambapo Wafaransa, waliokuwa wakitawala kisiwa, hawakutegemea mtu aingie na meli gizani. Mbele zilitangulia meli za kutegua mabomu na maboya ya taa. Boti zikashushwa, askari wakafika mchangani kabla ya jua, karibu bila upinzani hapo mwanzo. Pamoja nao alikuja Bachaquero, ambaye zamani alikuwa meli ya mafuta ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Alijengwa kina kifupi kwa sababu ya mchanga wa mlango wa ziwa lile, kwa hiyo alifaa kupandishwa ufukweni na kushusha magari kupitia mlango uliokatwa omoni. Mchanga wa kwanza alioujaribu haukumfaa, ikabidi atafute mwingine. Nasisitiza hili kwa wanafunzi: ufukwe haufanani na ramani. Uliza mvuvi, pima kina, jua maji yanajaa saa ngapi na kama ni bamvua, pale maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida.

Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, watu wetu wa KAR (King's African Rifles), walifika Diego Suarez mwezi Juni, bandari ikiwa imeshatekwa. Septemba, huko Majunga, Waingereza walishambulia kwanza, kisha brigedi yetu ikateremka na kuendesha magari hadi Tananarive, mji mkuu. Wanaofuata hawahitaji meli ya namna hii. Wanahitaji gati na winchi, na meli ya kawaida inatosha. Usigeuze meli kumi ikiwa tatu za mbele zinatosha.

Na Karanja? Novemba 1942 ilikuwa Algeria, Bougie. Mpango ulikuwa kuteka pia uwanja wa ndege wa Djidjelli, jirani, ili ndege zilinde meli. Mawimbi ya pwani yalikuwa mazito, kutua Djidjelli kukashindikana, na ndege zilipofika uwanjani hazikuwa na petroli ya kurukia. Kwa siku mbili tatu anga la Bougie halikuwa na mwenyewe. Awatea na Cathay zilipigwa, na tarehe 12 Karanja nayo ikapigwa mabomu, ikaungua na kuzama. Mwanafunzi akimaliza mchoro wake, namwomba aweke juu yake duara mbili nyekundu pale mabomu yatakapoangukia, kisha anionyeshe hosi za moto, pampu ya akiba isiyotegemea chumba cha injini, na njia ya watu kutoka. Asipokuwa nazo, meli yake haijamalizika.

Kuirudisha

Serikali inakopa meli, haiinunui, angalau mara nyingi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chelezoni, mahali meli inapofanyiwa kazi, weka daftari: kila kilichong'olewa, kimehifadhiwa wapi, na kila tundu lililokatwa liko fremu namba ngapi. Kata kwa kona za mviringo, sio za pembe kali, kwa kuwa ufa huanzia kwenye pembe. Keren ilipona vita. Ikauzwa, ikajengwa upya, na kuanzia 1952 ikabeba wahamiaji kwenda Australia kwa jina la Castel Felice, mpaka ilipovunjwa Taiwan mwaka 1970. Uganda, meli ya British India iliyozaliwa 1952 kwa ajili ya njia ya London na Afrika Mashariki, iligeuzwa hospitali kwa haraka Gibraltar mwaka 1982, ikawekewa uwanja wa helikopta, na baadaye ukaondolewa. Daftari hilo nalo huliwekea alama. Likiwa tupu, mwanafunzi anarudi na mchoro wake wiki ijayo.